Siku Tuliyomtafutia Kabula Nafasi

Vijana wangu wa studio, kila wiki mnaniandikia kwenye simu swali lile lile: "Mama Skola, programu ya picha inagoma, inasema diski imejaa, nifanyeje?" Nimewajibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, na macho yangu hayapendi tena kioo cha simu. Leo nawajibu wote kwa pamoja. Nitawajibu kwa kuwasimulia siku moja pale studio kwangu, Ruangwa mjini, kwa sababu jambo hili la nafasi nililielewa vizuri siku hiyo, na aliyenielewesha hakuwa fundi wa kompyuta.

Kwanza nianzie Nachingwea, kwa Mzee Abdallah aliyenifundisha kazi. Enzi hizo ni za filamu na chumba cha giza. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuning'iniza picha kwenye kamba zikauke, kama nguo za mtoto mchanga. Negativu za kila mteja Mzee aliziweka kwenye maboksi ya viatu, akaandika jina kwa kalamu nene. Maboksi yakapanda ukutani, yakafika dirishani, mwisho hatukuwa na pa kupita. Nikamwambia tuchome za zamani. Yeye akashika kochi la wateja, akalitoa nje barazani. Wateja wakalalamika kwamba jua linawachoma.

"Nyinyi mna miguu," akawaambia. "Hizi hazina."

Kompyuta zilipoingia tukadhani shida ya nafasi imekwisha. Haikwisha. Ilihamia tu mahali ambapo hatuioni kwa macho. Nachingwea hiyo hiyo alikuwepo kijana mmoja hodari wa kupamba kadi za harusi. Diski ikamjaa. Akaingia ndani, akakuta folda kubwa zenye majina asiyoyajua, akasema hizi si zangu, akaanza kuzifuta. Kumbe ndiyo mitambo inayoiwasha kompyuta. Alinipigia simu sauti imemkauka: "Mama, nafasi nimepata nyingi sana, ila kompyuta haiwaki niitumie." Tulicheka naye baadaye, lakini siku ile hakucheka. Kwa hiyo la kwanza ninalowaambia ni hilo. Usichokijua usikifute, uliza kwanza.

Sasa niwasimulie siku yenyewe.

Ilikuwa msimu wa ufuta. Asubuhi nilikuwa nafagia mlangoni wakaja watu wawili. Mmoja mwanamume mrefu, shuka begani, kofia ameivua na kuishika mkononi. Nyuma yake bibi mmoja mfupi, amejifunga kanga kichwani kwa namna ya mtu aliye msibani. Mwanamume nilimjua kwa sura. Anaitwa Maduhu, mfugaji wa ng'ombe, alihamia pembeni mwa Mbekenyera pamoja na mkewe na watoto, wametokea Usukumani. Bibi sikumjua.

"Karibuni ndani. Shikamoo, bibi."

Bibi alinitazama tu. Maduhu akasema, "Samahani, mama. Kiswahili kinampa tabu. Huyu ni mama yake Kabula."

Hapo nikaweka ufagio chini. Habari ya Kabula ilikuwa imenifikia. Aliugua muda mfupi, akafariki, akazikwa kule kule Mbekenyera. Kumbe mama yake alipopigiwa simu alipanda basi siku hiyo hiyo, lakini kutoka Ziwa Victoria mpaka Ruangwa si safari ya mchezo. Alifika kaburi limeshafunikwa.

"Poleni sana," nikasema. Nikamsogezea bibi kiti. Maneno mawili matatu ya kwao nayajua, kwa sababu siku hizi wateja wangu wengi ni wao. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu, maana mayu kwao ni mama. Akaitikia kwa sauti ndogo, akakaa.

Maduhu hakukaa. Alisimama karibu na mlango, na kila aliposema na yule bibi aliangalia pembeni, ndiyo heshima yao kwa mama mkwe. Akanieleza shida yake taratibu.

"Mama hajamwona mwanawe tangu tulipoondoka na ng'ombe kuja huku. Kabula aliondoka kwao bado binti, mwembamba. Sasa mama ananiuliza alikuwaje. Uso wake ulikuwaje. Nimejaribu kumweleza, nimeshindwa. Mtu utamwelezaje kwa maneno?"

"Hamna picha yake hata moja?"

"Kitambulisho chake cha kura kilipotea njiani tulipokuwa tunahama. Simu yake ilikuwa ya kitochi, haina kamera. Yangu ilikuwa na picha zake, ikatumbukia majini nilipokuwa nachota ya ng'ombe, haikuwaka tena." Akageuza kofia mkononi. "Ila yeye mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba ulimpiga picha. Kwenye harusi. Kwa mzee Bonifasi."

Alipotaja jina hilo akainama.

Nilikumbuka. Mzee Bonifasi ni mkulima wa Mbekenyera, ana mikorosho na shamba kubwa la ufuta. Alipomwoza binti yake Agneta nilipiga picha mimi. Kabula ndiye aliyeleta maziwa ya chai ya wageni, na mama Agneta hakumwacha aondoke, alimwambia akae ale pilau na wenzake. Lakini hayo yalikuwa kabla ya ugomvi. Baada ya hapo ng'ombe wa Maduhu waliingia kwenye shamba la Bonifasi, ufuta ukiwa umeshaanza kukomaa, wakaukanyaga na kuula. Kesi ikaenda kwa mtendaji wa kijiji, haikuisha. Bonifasi akasema mbele ya watu kwamba yeye na yule mtu hawana salamu tena. Na kweli, Kabula alipozikwa, mama Agneta alikwenda kulia na wanawake wenzake, lakini Bonifasi hakuonekana. Huku kwetu kutokwenda kuzika ni neno zito. Watu wanakumbuka.

"Bibi anaondoka lini?" nikauliza.

"Kesho alfajiri. Tiketi tumeshakata."

Vijana, mimi nina sheria moja niliyorithi kwa Mzee Abdallah. Picha ya harusi ni mali ya mwenye harusi. Haitoki studio kwenda kwa mtu mwingine mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Nilitamani sana kuivunja asubuhi ile. Sikuivunja. Nikachukua simu, nikampigia.

"Mzee Bonifasi, shikamoo."

"Marahaba, Skola. Kuna nini?"

Nikamweleza yote, bila kuficha ni nani amesimama mbele yangu. 

"Yuko hapo?" akauliza.

"Yuko hapa. Na mama wa marehemu yuko hapa."

"Huyo mwenye ng'ombe anataka nini tena kwangu? Ufuta wangu amekula, sasa na picha za mwanangu?"

"Mzee, anayetaka ni bibi. Amefika mwanawe ameshazikwa."

Nikasikia kwa mbali sauti ya mkewe ikiuliza ni nani huyo, anataka nini. Kisha simu ikakatika. Sikujua amekata au mtandao umekata. Nikamwambia Maduhu tusubiri kidogo, na wakati tukisubiri niitafute picha, ili ruhusa ikija tusichelewe.

Picha niliipata upesi, kwa sababu kazi zangu nilizipanga kwa jina la mwenye shughuli na kijiji. Kwenye ule mwonekano mdogo, kama ukucha, ilionekana Agneta amesimama na shangazi zake, na nyuma yao upande wa kushoto kuna mtu wa kanga ya njano. Uso hauonekani, ni kivuli tu. Nikabofya niifungue kwenye programu ya kuhariri ili niusafishe. Programu ikafikiri, ikafikiri, ikaleta ujumbe: haiwezi kufunguka, diski imejaa.

Nikajaribu tena. Vile vile.

"Imekataa?" Maduhu akauliza.

"Imeshiba," nikamwambia. "Inabidi tuipunguzie."

Sikilizeni hapa, hili ndilo swali lenu. Programu ya picha inahitaji uwanja wa kufanyia kazi. Ukifungua picha moja kubwa ya kamera, yenyewe inatandika nakala zake chini kwa chini kwenye diski, kama mshonaji anayetandaza kitambaa mezani. Meza ikijaa vitu, hakuna kushona. Ndiyo maana picha inaweza kuwa imehifadhiwa salama kabisa na bado usiweze kuifungua. Wengi wenu mkiona ujumbe ule mnaanza kufuta picha za wateja. Msianzie huko. Anzeni na vya kwenu wenyewe.

Mimi nilianza na kwaya. Nilikuwa nimejaza video za kwaya, nyingine zimejirudia, nyingine za parokia ambazo hata njia ya kufika siijui. Nikazifuta. Halafu nikamwaga kapu la taka, kwa sababu kitu ukikifuta kinakwenda kukaa kwenye kapu, na kikiwa kapuni bado kinakula nafasi ile ile. Nikajaribu programu. Ikakataa.

Basi nikachukua diski ya nje, nikaichomeka, nikaanza kuhamisha kazi za zamani: komunyo za Nkowe, mahafali ya shule za msingi, picha za pasipoti za miaka yote. Kuhamisha si kukata na kubandika, wanangu. Umeme ukikatika katikati unaweza kukosa huku na huku. Unanakili kwanza. Kisha unafungua zile nakala, unaziangalia kwa macho, moja hapa, moja pale, za mwanzo, za katikati na za mwisho. Ukiona ni nzima ndipo unafuta za zamani. Inachosha. Ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi unatembea kama kinyonga.

Tulikuwa tunautazama mstari huo wote watatu pikipiki iliposimama nje. Mzee Bonifasi akashuka, vumbi hadi kwenye nyusi.

Aliingia, akanisalimu mimi, akamwamkia bibi kwa kuinama kidogo. Maduhu akasema, "Shikamoo, mzee." Bonifasi akatazama ukutani kwenye picha zangu za mfano. Hakuitikia. Akakaa kwenye benchi, mwisho kabisa, akaweka mikono magotini.

"Mama Agneta ndiye kanifukuza nyumbani," akaniambia mimi. "Kasema nisipokuja, chakula nijipikie."

"Asante kwa kuja, mzee. Unaruhusu?"

"Iko wapi hiyo picha? Niione kwanza."

"Bado haijafunguka. Diski imejaa, nahamisha vitu."

"Aa," akasema, na akaanza kusubiri kama sisi.

Studio yangu mnaijua, ni chumba kimoja, kiti cha mteja, benchi na meza ya kompyuta. Watu wanne mle ndani ukikohoa kila mtu anasikia. Tulikaa hivyo. Nakala zikamalizika kundi la kwanza, nikaanza kuzifungua kuzikagua, na kila niliyoifungua ilijaa kwenye kioo. Watoto wenye mishumaa. Wazee waliokuja kupiga picha za vitambulisho. Bibi akavuta kiti chake karibu. Akanyoosha kidole kwenye kioo, akasema neno.

Maduhu akatafsiri, macho pembeni. "Anauliza, huyu ni nani?"

Alikuwa mama mmoja mnene wa Mbekenyera, amevaa gauni la kijani. Jina nilikuwa nimelisahau. Kabla sijajibu, Bonifasi akasema kutoka kwenye benchi, "Huyo ni dada yangu. Ametangulia mwaka jana."

Maduhu akageuka. Akamwambia bibi kwa Kisukuma. Bibi akamtazama Bonifasi, akasema neno refu kidogo.

"Anasema pole," Maduhu akatafsiri. Alilisema akimtazama mzee mwenyewe usoni.

Bonifasi akakohoa. "Mwambie ahsante."

Nikafungua nyingine, bibi akauliza tena, Bonifasi akajibu tena. Huyu mwalimu. Huyu fundi wa baiskeli. Huyu alikwenda Mtwara hajarudi. Kila jibu lilipitia kwa Maduhu, kwa hiyo Bonifasi hakuwa na namna ila kuongea na Maduhu, na Maduhu naye kumsikiliza. Mimi nikaendelea kubofya. Nakiri nilikagua nakala nyingi kuliko zilizohitajika.

Nikafuta za zamani, nikajaribu programu. Ikakataa bado. Jasho likanitoka. Nilikuwa nimetoa mzigo mkubwa na diski ilikuwa kama vile hujaigusa. Kumbe zile kazi za zamani zilikaa upande wa pili wa diski, ule wa kutunzia, na programu inafanyia kazi upande ule inapowashiwa kompyuta. Nilikuwa nafagia chumba ambacho si chenye takataka.

Bonifasi akaona uso wangu. "Kama shida ni harusi yetu kuwa nzito," akasema, "video ile ninayocheza mimi ifute. Nitashukuru."

Hata Maduhu alitabasamu kidogo, akaficha kwa kofia.

"Haifutwi, mzee. Mama Agneta atanipika mimi."

Nikatulia, nikafikiri. Ruangwa umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara msimu ule, na kila ulipokatika nikiwa kwenye kazi, programu ilikufa bila kuaga. Inapokufa hivyo, vile vitambaa ilivyovitandika chini kwa chini inaviacha pale pale. Hakuna wa kuvikunja. Nikafungua folda ya faili za muda. Vijana, nilishika kichwa. Faili kubwa kubwa, majina yake herufi na namba tu, kila moja ni mabaki ya siku ambayo umeme ulikatika. Programu ikiwa imefungwa kabisa, hayo mabaki hayamfai mtu. Nikahakikisha imefungwa, nikayafuta, nikamwaga kapu, nikaizima kompyuta na kuiwasha upya. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya programu, nikaiambia kuanzia leo ifanyie kazi kule kwenye upande niliouachia nafasi. Yaandikeni hayo mahali. Na msingoje diski ijae hadi ukingoni, acheni sehemu yake moja katika tano iwe tupu siku zote.

Picha ikafunguka.

Ilikuwa ya kivulini, imefifia, kwa sababu mwanga niliupima kwa bibi harusi. Nikamwangalia Bonifasi. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikaisogeza upande wa kushoto, nikaikuza, nikaanza kuongeza mwanga polepole kwenye vivuli. Uso ukaanza kutokea. Kwanza paji, halafu mashavu, halafu meno, maana alikuwa anacheka. Amejifunga kanga ya njano, ameshika dumu la maziwa, amegeuka kidogo kama aliyeitwa jina lake wakati huo huo.

Maduhu alitoka nje. Nilimwona kupitia mlangoni amesimama upande wa barabara, mgongo kwetu.

Bibi hakulia. Alisogea mpaka uso wake ukakaribia kioo, nikaogopa nitamkwaza nikigusa kipanya. Nikafanya kazi yangu kama ninavyojua. Nikamkata Kabula kutoka kwenye wale watu wote, nikamwekea nyuma rangi ya bluu tulivu, ile tunayowawekea marehemu. Begani kwake kulikuwa na mkono wa mtu, mtu mwenyewe amebaki nje ya picha. Nikauondoa. Nikaziba pale kwa kanga, nikasawazisha, hata wewe fundi usingejua. Nikachapa. Nikampa bibi mkononi, nikijiona nimefanya kazi safi.

Maduhu alikuwa amerudi. Bibi aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama muda. Akasema kitu.

"Anasema, alinenepa," Maduhu akatafsiri. "Anasema, alikuwa anakula vizuri."

Bibi akaitazama tena. Kisha akageuka kwenye kioo, ambako ile ya mwanzo ilikuwa bado wazi, akaigusa kwa kidole pale begani, akaniuliza mimi moja kwa moja kwa Kisukuma. Nilimtazama Maduhu.

"Anauliza, ule mkono umeupeleka wapi?"

Nikamweleza kwamba nimeutoa ili picha iwe nzuri. Maduhu akamwambia. Bibi akatikisa kichwa, akasema maneno mengi sasa, bila hasira, lakini bila kusita.

"Anasema huku ni mbali. Kule nyumbani alilala akiwaza mwanawe yuko peke yake, kwa watu asiowajua. Anasema ile picha uliyompa, mwanawe yuko peke yake. Anataka ile yenye mkono." Maduhu akanigeukia. "Anauliza ni mkono wa nani."

Mimi sikujua. Ilibidi niisogeze picha, lakini hata hapo palikuwa na mtu amekatwa na ukingo. Bonifasi alikuwa ameinuka kutoka kwenye benchi. Alisimama nyuma ya kiti cha bibi, macho kwenye kioo.

"Ni wa mke wangu," akasema. "Hiyo bangili namjua nayo." Akageuka kwa Maduhu, na mara ya kwanza siku ile akamwita, kwa jina la mwanawe. "Baba Kulwa, mwambie ni mkono wa mama Agneta. Mwambie alikuwa anamwita akale. Mkeo alikuwa anataka kuondoka na dumu lake, mama Agneta akamshika bega akamwambia hapa hutoki hujala."

Maduhu akayasema yote hayo kwa Kisukuma, na yalimchukua muda. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Akainua mkono wake, akamshika Bonifasi kwenye kiganja, akakishikilia.

Bonifasi alimwangalia Maduhu juu ya kichwa cha bibi. "Msibani sikuja," akasema.

"Nilijua hutakuja, mzee."

"Nilipaswa kuja."

"Mama Agneta alikuja," Maduhu akasema. "Alikaa na watoto wangu mpaka jioni."

"Najua. Alirudi hajala." Bonifasi akavuta pumzi. "Ufuta tutauzungumza kwa mtendaji. Sijauacha."

"Tutauzungumza, mzee. Najua ng'ombe walikuwa wangu."

Msinielewe vibaya, hawakukumbatiana pale. Kesi iliendelea, Maduhu akalipa kwa mafungu, na mipaka ya kupitisha ng'ombe ikapangwa upya baada ya maneno mengi. Lakini tangu siku ile shikamoo ya Maduhu iliitikiwa, na mimi nimeisikia kwa masikio yangu pale sokoni Mbekenyera.

Kurudisha mkono haikuwa kazi. Hapa nawasisitizia tena, vijana, fanyeni kazi juu ya nakala, ile ya kamera isiguswe kamwe. Kama ningekuwa nimehifadhi juu yake siku ile, ule mkono ungekuwa umepotea na mimi ndiye ningekuwa nimeufuta. Nilifunga kazi yangu safi yenye rangi ya bluu, nikarudi kwenye ya kwanza, nikapandisha mwanga tu, nisiondoe kitu. Nikamwuliza Bonifasi kama nimkatie bibi kipande cha Kabula na ule mkono peke yake, kwa sababu zaidi ya hapo ni harusi ya mwanawe.

Akamwangalia bibi. "Mpe yote," akasema. "Agneta, shangazi zake, wote. Awaone watu aliokuwa nao."

Nikachapa nzima. Bibi akaiweka mapajani, na Bonifasi akavuta benchi karibu, akaanza kumwonyesha mmoja mmoja kwa kidole: huyu ndiye Agneta, sasa ana mtoto, huyu ni shangazi yake wa Narung'ombe, huyo kwa kuongea hashindwi, huyu mwenye sufuria ndiye aliyepika pilau aliyokula mwanao. Maduhu akatafsiri. Alikuwa amekaa sasa, chini sakafuni karibu na mlango, kofia gotini.

Walipoinuka kuondoka, bibi akaifunga picha ndani ya kanga yake. Maduhu akamtangulia nje kumwitia bodaboda. Mzee Bonifasi akabaki nyuma, anakunja na kukunjua mkono wa shati.

"Skola, na mimi nitolee moja."

"Picha za harusi si unazo zote, mzee? Nilikupa albamu nzima."

"Hiyo sina," akasema. "Kwenye albamu kuna giza pale pembeni. Sikuwa nimemwona Kabula."

Nikarudisha karatasi kwenye printa.